Njoo, Sikupigi

Mimi si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikifika katikati ya habari hii utanikunjia uso, na sitakulaumu. Ila unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana: mbao zimeegemea ukuta huu, sponji zimeegemea ule, gundi iko kwenye kopo la rangi, na misumari midogo imezagaa kila pembe. Siku moja nilikuta msumari kwenye sukari. Nyuma ya pazia ndiko tunakolala. Mteja anapita mlango uleule wanaopita wanangu, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Wanangu ni wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka mitano, tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Hata akiwa chooni anasimulia. Mdogo ni wa kiume, ndiyo kwanza anaunga maneno, naye tunamwita Mkia. Dada yake akienda, yeye yuko nyuma. Ukimwona mmoja usihangaike kumtafuta wa pili, geuza shingo tu.

Mama yao alikuwa amelazwa. Mimba ya tatu hiyo, presha ikapanda, daktari akamkatalia kutoka mpaka ajifungue. Siku anaondoka alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Baba Chiriku, wasikupande kichwani. Lakini na wewe usiwapandie."

Nikamjibu kama tunavyojibu sisi wanaume: "Nitashindwa na watoto wawili?"

Nilishindwa, tena vibaya sana. Uji ukimwagika huku, kule mtu kaingiza mguu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mteja anabisha hodi, mtoto anatoka uchi kumpokea. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Na sheria zangu, wacha nikwambie ukweli, zilikuwa kama bei ya nyanya sokoni. Nikiamka vizuri, ruhusa kila kitu. Nikiamka na kichwa kinaniuma, hata kucheka ni kosa. Watoto wakawa wananitazama usoni kwanza kabla hawajafanya jambo lolote, na mimi nikadhani hiyo ndiyo adabu.

Marehemu baba yangu alikuwa na msemo wake kila akishika fimbo: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nikajiambia mimi sitachelea. Mtoto akikosa, nampiga. Akikimbia, namwita kwa sauti laini, "Njoo, njoo mama, sikupigi." Akija, namkamata mkono na kumpiga. Kila mzazi ninayemjua amewahi kusema hivyo. Ni ujanja wa siku zote, na mimi niliuona mdogo tu.

Sasa sikia. Kulikuwa na mteja wetu mmoja, kijana mpole, anakaribia kuoa. Sisi nyumbani tulikuwa tunamwita Bwana Harusi, hata mbele yake. Alitaka kochi kubwa la mahameli ya buluu, na chini yake nipige plaiwudi nzima badala ya kitambaa, kwa sababu alikohamia panya ni wengi na mchumba wake akimwona panya anazimia. Nikasema haya, hela ni yako, panya ni wako.

Jioni nilipomaliza sehemu yake ya kukalia, moyo ulifurahi. Kochi lilikuwa limetulia kama bibi wa nyumba. Nikamnyanyua Mkia nikamrusha juu yake, nikamwita na Chiriku. "Rukeni! Rukeni tuone kama fundi kafanya kazi!" Wakaruka, wakaanguka, wakacheka mpaka Mkia akapata kwikwi. Na mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mama yao aondoke.

Kesho yake mchana lilikuwa limebaki jambo moja tu, kufunga kitambaa cha mgongoni. Nyuma kochi lilikuwa wazi, unaona mbao na uvungu wake wote mpaka kwenye plaiwudi. Bwana Harusi akapiga simu kwamba anakuja na pikapu. Nikatoka nje kuongea naye, mle ndani simu haishiki. Niliporudi, lo! Watoto wako juu ya kochi wanaruka. Mkia alikuwa ameshakanyaga gundi, na kila anapotua anaacha unyayo mweupe kwenye mahameli ya watu.

Chiriku aliponiona alicheka, akanyoosha mikono. "Baba, tunaona kama fundi kafanya kazi!"

Maneno yangu mwenyewe yale, neno kwa neno. Nayasikia sasa hivi ninapokusimulia. Wakati ule sikuyasikia. Niliona nyayo, nikaona kochi limeharibika, nikaona Bwana Harusi njiani. Nikachukua rula ya mbao ninayopimia vitambaa.

"Si mimi, baba, ni miguu ya Mkia!"

"Wewe ndiye mkubwa!"

Nikampiga. Nilimpiga miguuni, nikampiga mgongoni, akawa anazunguka mkononi mwangu analia na kuomba kama watoto wote wanavyoomba, sirudii tena baba, sirudii tena, na mimi nikazidi. Mkia alikuwa amekaa kwenye kona anatazama. Yeye sikumgusa. Mwishowe nikamsukuma Chiriku. "Ondoka mbele yangu! Nisikuone!"

Nikachukua kitambaa chenye petroli nikaanza kusugua nyayo. Zilitoka, kwa taabu, lakini zilitoka. Hasira ikaanza kushuka. Nikamwita Chiriku aje anishikie kopo la misumari, kazi anayoipenda kuliko kula. "Chiriku! Njoo, sikupigi!" Kimya. Nikasema kanuna huyo, na anune. Nikavuta kitambaa cha mgongoni bila hata kuchungulia uvunguni, nikakinyoosha, nikakigongea msumari baada ya msumari kuzunguka kochi lote. Nilikuwa nagonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mkia alikaa karibu na mguu wa kochi ananitazama, kidole mdomoni.

Nilipoweka nyundo chini ndipo nikausikia ule ukimya. Nyumba yenye Chiriku haina ukimya. Akilala tu ndipo unapata kusikia saa ya ukutani, na muda ule nilikuwa naisikia.

Nikaenda nyuma ya pazia, hayupo. Chini ya kitanda hayupo. Chooni hayupo. Nikatoka uani nikaliona pipa la maji halina kifuniko. Nikazamisha mkono mpaka begani, nikapapasa chini, nikapapasa kila upande. Maji matupu. Nikabaki nimeliegemea lile pipa, shati limelowa, nashindwa hata kumshukuru Mungu.

Mkia alikuwa bado kwenye mguu wa kochi. Nikachuchumaa mbele yake. "Dada yuko wapi?"

Akaweka kidole kwenye midomo. "Shhh."

"Mkia, nakuuliza, dada yuko wapi?"

"Shhh," akasema tena, akanikodolea macho. Nikamwacha. Niliona nampotezea muda mtoto ambaye hata rangi hajui kutaja.

Jirani yetu wa ukuta wa pili anashona mapazia, mama mtu mzima, tunamwita Mama Mapazia. Nilimkuta kwenye cherehani yake.

"Mama, umemwona Chiriku?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nimemsikia. Ukuta wenyewe huu, Fundi, mwembamba. Nimemsikia akilia 'sirudi tena, sirudi tena'."

"Alisema sirudii. Kila mtoto anasema hivyo."

"Masikio yangu hayajaota kutu, mwanangu. Sirudii naijua. Huyu alisema sirudi. Sirudi tena."

Tukatazamana. Sijui nikueleze vipi. Ni herufi moja tu, lakini niliona barabara yote mbele yangu, na magari, na mtoto wa miaka mitano anakwenda zake.

Nikakimbia. Nilikimbia na ndala moja, nyingine sijui iliishia wapi. Nikainama kwenye mtaro wa maji machafu, nikachungulia chini ya kila kalavati. Nikafika barabara kubwa, nikamuuliza mng'arisha viatu, nikamuuliza muuza vocha, nikawauliza makondakta mmoja mmoja. Msichana mdogo, gauni la njano, anaongea sana. Kuna mmoja akaniuliza, "Anaongea nini?" Kila siku anaongea, na mimi sikukumbuka hata jambo moja.

Nikawa naita barabarani kama kichaa. "Chiriku! Njoo mwanangu! Njoo, sikupigi! Sikupigi, mama!" Watu wanageuka. Wengine wanacheka.

Simu ikalia. Mama yao.

"Mmeshakula?" akauliza. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyelala chali siku nzima. "Hebu nipe Chiriku anipigie domo kidogo, huku nimechoka na dari."

Mtume wangu! Nilisimama pembeni ya barabara, lori linapita, nimeziba sikio.

"Amelala," nikasema.

"Chiriku? Mchana huu?"

"Wamecheza sana leo."

"Usimwamshe basi. Mwambie namsalimu." Kisha akauliza, "Hujawapiga?"

"Hapana."

Nikakata. Nikaanza tena kuuliza watu, mlango kwa mlango.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba nitamkuta mlangoni anasimulia. Nikamkuta Bwana Harusi na pikapu, pamoja na dereva. Mama Mapazia alikuwa kambeba Mkia, na Mkia anarusha miguu, anapiga kelele, mikono kainyoosha kwenye kochi.

"Ndugu yangu, pole," akasema Bwana Harusi. "Mama kanieleza. Nilitaka niache nije siku nyingine, lakini gari hili ni la kuazima..."

"Chukua," nikasema. "Chukua tu." Wakati ule hata angetaka nyumba ningempa.

Wakalinyanyua, yeye upande mmoja, dereva upande wa pili. Dereva akaguna. "Fundi, humu umeweka nini, jiwe la kusagia?"

"Plaiwudi," nikasema. "Mwenyewe aliitaka plaiwudi."

Mkia alichomoka mikononi mwa Mama Mapazia, akakimbilia kochi, akakumbatia mguu wake, akaburutwa nalo mpaka nje. Analia machozi na makamasi. Nikambandua kidole kimoja kimoja. Nikadhani analilia kuruka. "Hata sasa unataka kuruka? Hata sasa?" Nikainua mkono. Mama Mapazia akaudaka.

"Hebu ona aibu," akasema.

Wakapandisha kochi kwenye pikapu, wakalifunika turubai. Dereva akaenda mbele kutafuta kamba. Na mimi nikaendelea kuita, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya. Nimesimama katikati ya uwanja, nageukia huku, nageukia kule. "Chiriku, njoo! Sikupigi! Haki ya Mungu, sikupigi!"

"Nyamaza!" Mama Mapazia alinifokea, mama ambaye hajawahi kunipandishia sauti. "Sikupigi, sikupigi! Mimi mtu mzima, niko nyuma ya ukuta, nikilisikia hilo neno lako nakunja mabega. Najua linalofuata. Sembuse yule? Kama yuko mahali anakusikia, unazidi kumfukuza!"

"Sasa nimwiteje?" Nilikuwa nalia. Sikuficha. "Mama, nimwiteje?"

"Mimi sijui. Wazee walituambia mtoto akikosa anarudiwa, Fundi. Wewe unampiga, halafu unaita kumrudi. Kumrudi ni kumrudisha."

Nikakaa chini, pale pale nyuma ya pikapu, mgongo kwenye gurudumu. Nilikuwa nimemaliza maneno. Lile moja nililokuwa nalo nimelitumia vibaya mpaka limechakaa. Ningeapa nini ambacho mwanangu angeamini? Si nimeshamwapia kila kitu?

Nikafunga macho. Nikaanza kusema, si kwa kupiga kelele, kwa sauti niliyobaki nayo. Nilikuwa naongea kama naongea naye chumbani.

"Chiriku. Mimi baba yako. Sisemi njoo. Nakwambia tu ilivyo. Mmeruka kwenye kochi la watu na miguu michafu, na hilo ni kosa. Jana niliwaambia mruke. Kosa hilo ni langu. Ningewaambia leo hapana kabla sijatoka, sikuwaambia. Sasa adhabu ipo. Siwezi kukwambia haipo. Utaokota misumari yote iliyo chini, ya karakana nzima, uitie kwenye kopo. Ukimaliza, imekwisha. Hakuna rula. Kuanzia leo kochi la mteja halirukiwi na mtu, hata mimi nikiwa na furaha. Hata mimi nikisema. Basi, ndivyo hivyo."

Bwana Harusi alikuwa ametazama pembeni. Dereva kasimama na kamba yake mkononi. Hata Mkia alikuwa amenyamaza.

Nyuma ya kichwa changu, chini ya turubai, ndani ya mbao, sauti ndogo iliyokauka ikauliza:

"Na Mkia?"

Sikuelewa. Nakwambia kweli, sikuelewa kilichosema ni nini. Nilidhani akili imeniruka.

"Na Mkia naye ataokota?"

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka turubai linaruka. Nakumbuka nimeingiza vidole kwenye ukingo wa kitambaa nilichokigongea mwenyewe, kwa hasira zangu mwenyewe, misumari iliyokaa karibu karibu kama meno. Haikutoka. Nilikuwa nimeipiga vizuri, fundi mzuri mimi! Nikang'ata. Nikavuta mpaka kucha ikainuka. Bwana Harusi akaja na bisibisi ya gari, tukakipasua kile kitambaa chake cha buluu kutoka juu mpaka chini.

Alikuwa amejikunja kwenye plaiwudi, magoti kidevuni, gauni la njano limemganda kwa jasho, midomo myeupe. Joto lililotoka mle lilinipiga usoni. Aliingia humo nilipomwambia nisimwone. Akamwambia Mkia shhh. Nilipoanza kugonga alinisikia, na hakusema kitu, kwa sababu nilikuwa nasema sikupigi.

Hakunipa mikono. Alinitazama kwanza usoni, vile wanavyonitazama kila siku, na akangoja jibu.

"Ataokota," nikasema. "Na Mkia ataokota. Na mimi."

Ndipo akatoka.

Mama Mapazia alimpa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka rangi ikarudi. Bwana Harusi alikataa katakata nimwombe radhi. Alisema kochi atalisubiri, na akaondoka na pikapu tupu, dereva anaendesha polepole kama anatoka msibani. Nikampigia mama yao, nikamwambia yote, pamoja na uongo nilioanza nao. Akasema nimpe Chiriku, na Chiriku akaongea naye, maneno machache, kama mgeni.

Baada ya hapo tukaokota misumari, wote watatu, magoti sakafuni. Nilimwambia aache, kesho, leo apumzike. Akakataa. Alisema nilisema ataokota. Mkia alikuwa anaokota mmoja, anamwaga kopo zima, tunaanza upya. Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nawasogelea kila mara niguse mguu wa mmoja wao, nihakikishe upo.

Kulikuwa na jambo linanikwaruza rohoni. Nikaliuliza bila kuinua kichwa.

"Chiriku. Ulipokuwa unalia. Mama Mapazia anasema ulisema sirudi. Mimi nasema ulisema sirudii. Ulisema lipi?"

Aliendelea kuokota. Alivuta msumari kutoka kwenye ufa wa sakafu kwa kucha yake ndogo, akautia kwenye kopo, akasikiliza unavyolia.

"Yote mawili," akasema. "Kwanza nilisema sirudii. Ukanipiga tena."

Akasogea kwenye ufa mwingine.

"Ndipo nikasema lile lingine."